Milima ya Chuma na Mchezo Ulio Wazi



Mtu akisimama asubuhi kwenye mteremko utokao Old Kampala kuja kwetu Kisenyi, ataona waendesha baiskeli waliobeba mikungu ya matoke wakishuka mbio bila kukanyaga. Wakifika chini, mwendo huwachukua mbele kidogo, hata wakapanda mwinuko mdogo. Kisha baiskeli husimama, nao hushuka wakaisukuma. Hakuna hata mmoja ambaye mwendo wake umemrudisha juu mpaka kimo kile alichotoka. Jambo hili nililiona tangu utoto wangu, wala sikuuliza sababu yake mpaka nilipofika Kidato cha Tano. Leo nataka kulieleza, maana ndani yake limo somo lote la gari lile la mchezo liitwalo rolakosta. Tena limo shauri juu ya kijana apendaye michezo ya kompyuta: afanyeje ili mapenzi hayo yasimharibie masomo?

KOSA LANGU

Kwanza yanipasa kuungama. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni mlinzi huko Abu Dhabi. Siku moja ya mapumziko alikwenda Ferrari World akapanda rolakosta iitwayo Formula Rossa, ambayo ilipofunguliwa mwaka 2010 ilikuwa na mbio kuliko zote duniani, yaani kilomita 240 kwa saa. Abiria wake huvaa miwani ili mchanga na wadudu wasiwaumize macho. Habari zake zilinitia hamu kubwa. Alipoona hivyo, alininunulia kompyuta kuukuu pamoja na mchezo uitwao RollerCoaster Tycoon 2, ambao mchezaji hujenga humo uwanja wa starehe na kuunda reli zake mwenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Basi nikawa narudi nyumbani, nakula upesi, nakaa mbele ya kioo mpaka usiku wa manane. Mwisho wa muhula alama zangu za Fizikia zilishuka kutoka 71 hadi 38. Mjomba wangu, ambaye ndiye anilipiaye karo, ni fundi wa vyuma. Huunda mashine za kusaga mahindi katika karakana ndogo hapa Kisenyi. Alisoma ripoti yangu kimya, akaichukua ile kompyuta, akaifungia ghalani. Akaniambia, "Karo yako inatoka katika mikono hii yenye malengelenge. Sikuiunguza ili wewe ucheze."

Sikuwa na neno la kujibu. Baada ya wiki mbili nilimwendea, nikamwamkia, nikamwomba msamaha. Nikamwambia ya kwamba ndani ya mchezo ule mna Fizikia. Alicheka, kisha akanipa sharti: "Vyema. Kila ukicheza saa moja, utanieleza jambo moja ulilojifunza. Nisipolielewa, basi wewe pia hujalijua." Yafuatayo ni yale niliyomweleza.

ROLAKOSTA ILITOKA WAPI?

Asili yake ni nchi ya Urusi, ambako zamani watu walijenga vilima vya mbao, wakavimwagia maji yakaganda kuwa barafu, wakateleza juu yake. Wafaransa waliiga mchezo huo wakitumia magari yenye magurudumu, na mwaka 1817 mjini Paris palikuwa na vilima vya namna hiyo. Ndiyo maana hata leo Kifaransa huuita mchezo huu "milima ya Kirusi", na ndugu zetu wa Kongo hulijua jina hilo. Mwaka 1884 Mmarekani LaMarcus Thompson alifungua reli ya mchezo huko Coney Island, New York. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 10 tu kwa saa, na baiskeli zetu za matoke zingeipita, lakini watu waliipenda mno.

Mwaka 1919 John Miller alipata hataza ya magurudumu yanayokaa chini ya reli. Tangu hapo behewa lina magurudumu ya namna tatu: ya juu hubeba uzito, ya pembeni huliongoza, na ya chini hulizuia lisiruke. Mjomba aliposikia hayo alisema, "Huyo alikuwa fundi."

KANUNI YA KWANZA: KIMO NI AKIBA

Rolakosta ya kawaida haina injini ndani yake. Mnyororo huivuta mpaka juu ya mlima wa kwanza, kisha huiachia. Kazi ile iliyofanywa na mnyororo haikupotea; imewekwa akiba katika kimo. Akiba hiyo huitwa nishati tuli. Behewa likianza kushuka, akiba inageuka kuwa nishati mwendo. Likipanda tena, mwendo unageuka kuwa akiba. Ni kama fedha ile ile kuhamishwa kutoka mfuko huu kwenda mfuko huu. Lakini katika kila uhamisho msuguano na upepo hutoza ushuru wao. Kwa hiyo mlima wa pili lazima uwe mfupi kuliko wa kwanza. Hapa ndipo lilipo jibu la waendesha baiskeli wetu. Watu wa Goma, Kongo, wanaijua kanuni hii katika chukudu zao, yaani baiskeli za mbao zisizo na pedali, ambazo hubeba mizigo mizito kwenye miteremko.

Hesabu yake ni hii. Tukiacha msuguano, mwendo mara mwendo ni sawa na 2 mara 9.8 mara kimo, ambapo kimo ni kwa mita na mwendo ni kwa mita katika sekunde. Uzito wa behewa haumo katika hesabu hiyo.

Sasa tuijaribu kwa gari alilopanda kaka yangu. Kimo chake ni mita 52. Ukizidisha 2 × 9.8 × 52 unapata kama 1,019, na kipeuo chake cha pili ni karibu mita 32 katika sekunde, yaani kilomita 115 kwa saa. Mbona basi linakwenda kilomita 240? Ili mteremko peke yake ulipe mbio hizo, ungehitaji kudondoka kama mita 227! Jibu ni kwamba gari hilo halitegemei mteremko. Mitambo inayosukumwa na mafuta yenye shinikizo hulirusha mbele na kulifikisha kwenye mbio hizo kwa muda wa sekunde 5 hivi. Nilimwandikia kaka yangu hesabu hii, naye akajibu kwamba alilipanda bila kujua amepanda nini.

JARIBIO LA GOLOLI

Mjomba hakuridhika na maneno. Alisema, "Nionyeshe kwa chuma." Basi tukachukua mpira wa maji uliozeeka, urefu wa mita 3, tukaupasua kwa wembe uwe kama mfereji. Mjomba alikunja ukanda wa chuma kuwa duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 20, tukaufunga mpira ndani yake, na upande wa nyuma tukauinua kama mlima. Gololi ya chuma tuliitoa katika beringi mbovu.

Kilele cha duara kilikuwa sentimita 40 kutoka chini. Vijana wa karakana walisema gololi ikiachiwa kutoka sentimita 40 itafika kileleni. Tukaiachia, ilipanda kidogo, ikaanguka. Nikawaambia haitoshi kufika, sharti ifike ikiwa bado na mwendo wa kuigandamiza kwenye njia. La sivyo uzito wake utaiangusha. Nikafanya hesabu ya kitabu: kimo cha kuachia kisipungue nusu kipenyo mara mbili na nusu, yaani sentimita 50. Kwa majivuno nikaiachia kutoka sentimita 50. Ikaanguka. Vijana walicheka sana, nami niliona haya.

Usiku ule nilitafuta kosa langu. Hesabu haikuwa na makosa, ila ilikuwa ya kitu kinachoteleza. Gololi haitelezi, inabingirika. Sehemu mbili katika saba za nishati mwendo yake hutumika katika kujizungusha yenyewe, na sehemu tano ndizo zinazoipeleka mbele. Ukiingiza jambo hilo, kimo kinakuwa nusu kipenyo mara 2.7, yaani sentimita 54. Ongeza hapo ushuru wa msuguano. Kesho yake tulipandisha kidogo kidogo. Kwa sentimita 60 ilipita mara moja moja; kwa sentimita 65 ilipita mara kumi katika kumi. Mjomba aliipokea ile gololi ya kumi mkononi, akaitazama, akasema, "Kumbe kitabu hakikudanganya. Wewe ndiwe uliyesoma nusu yake."

Maneno hayo yalinifaa kuliko adhabu.

DUARA LISILO DUARA

Mtu atauliza: kwa nini rolakosta za siku hizi hazina duara kamili? Mwaka 1895 pale Coney Island palijengwa moja iitwayo Flip Flap, nayo ilikuwa na duara kamili. Abiria waliumia shingo. Hesabu yaonyesha sababu: gari likitoka kwenye kile kimo cha mara mbili na nusu na kuingia katika duara, abiria hujiona ana uzito mara sita ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 huwa kama wa kilo 360 kwa ghafula.

Mhandisi Mjerumani Werner Stengel aliondoa taabu hiyo. Katika rolakosta iitwayo Revolution, iliyofunguliwa California mwaka 1976, alitumia umbo kama la yai lililosimama, upande mwembamba ukiwa juu. Chini, ambapo mbio ni nyingi, mzingo ni mpana, kwa hiyo abiria hagandamizwi sana. Juu, ambapo mbio zimepungua, mzingo ni mdogo, kwa hiyo mwendo mdogo unatosha kulishika behewa njiani. Sikulijua jambo hili kwa kusoma. Nililiona kwanza katika mchezo. Mchezo ule hutoa alama tatu kwa kila reli: ya furaha, ya ukali na ya kichefuchefu. Ukali ukizidi 10, wageni wengi hukataa kupanda. Nilijenga reli nyingi zenye sifa ambazo hakuna aliyezipanda, nikajifunza kwamba kitu kikali sana si lazima kiwe kizuri.

KUFUNGUA KIFUNIKO

Sasa nafika kwenye jambo lililonigeuza kutoka mchezaji kuwa mwanafunzi. Mchezo wa RollerCoaster Tycoon wa kwanza ulitolewa mwaka 1999. Aliyeutunga ni Chris Sawyer wa Uskoti, naye aliandika karibu programu yote peke yake kwa lugha iliyo karibu sana na lugha ya mashine. Kazi hiyo ni ya ajabu, lakini ilifungwa: mchezaji aliona reli, asione hesabu iliyoiendesha.

Mwaka 2014 watu wa nchi mbalimbali, wasiolipwa mshahara, walianza kuusoma mchezo wa pili na kuuandika upya kipande kwa kipande, wakaweka maandishi yao wazi mbele ya watu wote. Kazi yao inaitwa OpenRCT2. Mimi nilipoifungua mara ya kwanza sikuelewa hata mstari mmoja katika kumi. Lakini nilipotafuta kwa subira mahali panapoongoza mwendo wa mabehewa, niliona uzito, mteremko na upinzani vikijumlishwa na kutolewa, kama vile mwalimu wetu afanyavyo ubaoni. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Programu za namna hii huitwa programu huria. Mjomba aliponiuliza maana yake, nilitazama mashine zake nikamwambia: kuna mashine ambayo kifuniko chake kimechomelewa, na kuna mashine ambayo kifuniko chake kimefungwa kwa bolti. Zote husaga. Lakini ya kwanza ikiharibika utamngoja aliyeiunda. Ya pili utaifungua, utajifunza, utaitengeneza, hata utaunda nyingine bora. Mjomba akasema yeye alijifunza ufundi kwa kufungua mashine za watu wengine, kwa hiyo jambo hilo alilijua zamani, ila hakujua jina lake.

Programu huria humpa mtu ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuichunguza, kuwagawia wengine, na kuibadilisha. Richard Stallman wa Marekani alianza kuhubiri jambo hili mwaka 1983. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Finland, alitoa Linux, ambayo baadaye watu wengi sana waliiongezea kazi zao. Yeye alinizidi miaka miwili tu! Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini nawaonya wenzangu: huria si wizi. OpenRCT2 yenyewe hutolewa bila malipo, lakini picha na sauti za mchezo wa zamani ni mali ya wenyewe, na anayezitaka hana budi kuwa na mchezo ule kwa njia ya halali. Asiye na fedha aweza kuanza na OpenTTD, mchezo wa kuongoza reli, magari na meli, ambao tangu mwaka 2010 huweza kuchezwa pasipo kununua mchezo wa zamani.

SI MCHEZO TU

Msidhani mambo haya ni ya Wazungu na ya starehe peke yake. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na hesabu ambayo maagizo yake yote ni kwa Kiswahili. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu kifuniko kilikuwa kimefungwa kwa bolti. Huko Eldoret, Kenya, mwaka 2006 walianza kutumia OpenMRS, programu huria ya kutunza habari za wagonjwa. Mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi, Wakenya waliunda Ushahidi, ambayo iliwawezesha watu kuarifu kwa simu mahali palipotokea ghasia, na habari zikaonekana katika ramani. Hapa kwetu Uganda, Wizara ya Afya hukusanya hesabu za zahanati kwa programu huria iitwayo DHIS2, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mtoto wa Kisenyi apimwapo malaria, huenda hesabu yake ikapita humo.

Mimi nami nimejaribu kidogo. Kwa lugha ya Python, ambayo ni huria tangu ilipotolewa mwaka 1991, niliandika programu fupi ya mistari 30. Unaipa nusu kipenyo cha duara, nayo inakuambia gololi iachiwe kutoka kimo gani. Mara ya kwanza ilisema sentimita 50, kwa maana niliitia ujinga wangu ule ule. Kompyuta haimsahihishi mwenye kukosea. Humrudishia kosa lake upesi.

MASHAURI KWA WENZANGU

Mjomba alinirudishia kompyuta, lakini sharti lake halijaondoka. Muhula uliopita nilipata 64 katika Fizikia. Bado sijafika pale nilipoanguka, wala sitaki kuwadanganya kwamba mchezo umenifanya kuwa wa kwanza darasani. Saa nilizozipoteza Kidato cha Tano hazitarudi, na mtihani wa taifa haungoji mtu. Lakini haya matatu nimeyajua kwa hakika.

Kwanza, mchezo usiokuachia swali la kuuliza asubuhi umekula usiku wako bure. Pili, ukijifunza jambo, lieleze kwa mtu ambaye hakulisoma shuleni, akielewa, umelijua. Tatu, hesabu yako ijaribu kwa mikono, hata kama watu watakucheka, maana gololi yangu ilinifundisha ilipoanguka.

Mimi sijapanda rolakosta hata siku moja. Naomba Mungu anijalie kuipanda. Lakini siku hiyo ikifika, behewa litakapovutwa juu taratibu, nitajua ni akiba gani inayowekwa, na gari likianza kushuka nitamkumbuka mwendesha baiskeli wa Old Kampala na mikungu yake ya matoke.

MASWALI KWA WASOMAJI

1. Rolakosta inaachiwa kutoka kimo cha mita 30. Tukiacha msuguano, mwendo wake chini ni kiasi gani?

2. Duara la reli lina nusu kipenyo cha mita 8. Behewa linaloteleza liachiwe kutoka kimo gani, lisianguke?

3. Uzito haumo katika hesabu ya mwendo. Mbona basi behewa lililojaa watu hufika mbali kuliko tupu? Fikiri juu ya upepo.

(Majibu ya hesabu: 1. Kama mita 24 katika sekunde, yaani kilomita 87 kwa saa. 2. Mita 20 au zaidi. Swali la tatu namwachia msomaji amweleze mjomba wake.)

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Kisenyi, Kampala